Risala Fupi Juu ya Kuhawilisha Deni Baina ya Nchi Mbili, na Haki za Wawia wa Mufilisi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeamrisha uadilifu na kukataza dhulma. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote. Ama baad:

Ndugu zangu Waislamu, masala ninayotaka kuyaeleza katika kurasa hizi ni masala ya haki za watu, na haki za watu ni jambo zito kuliko wengi wadhanivyo. Haki ya Mwenyezi Mungu mja huomba toba akasamehewa. Ama haki ya mwanadamu haiondoki mpaka mwenyewe apewe au aiachilie kwa radhi yake. Na katika haki za watu hapana iliyoenea kuliko deni. Mwenye duka anawiwa, mwenye jahazi anawia, na mwenye shamba huwia na kuwiwa kwa siku moja. Na biashara ya watu wa pwani tangu kale haikukoma mpakani: mali yatoka Unguja, thamani yake iko Muscat, na mwenye kungojea kulipwa yuko Mombasa.

Swali lenyewe ni hili. Mtu anawia mali kwa mtu wa nchi nyingine. Akalihawilisha deni hilo kwa mtu wa kwanza, kisha akalihawilisha lile lile kwa mtu wa pili, kisha akafilisika. Na sheria za nchi hizo zikawa hazipatani. Je, hukumu itafuata sheria ya nchi gani? Na swali la pili, nalo ndilo kubwa zaidi kwa mwenye kuiogopa Akhera: yafaa mtu kuchagua sheria ya nchi kwa kuangalia ile impayo faida?

Na tuanze na majina, kwani mwenye kuchanganya majina atachanganya na hukumu. Mwia ni mwenye kudai, na mdeni ni mwenye kudaiwa. Kuhawilisha ni mwia kuihamisha haki yake iliyo juu ya mdeni wake, akampa mtu mwingine, ili huyo awe ndiye mwenye kulipwa. Mufilisi ni yule ambaye madeni yake yaliyokwisha fika muda yameizidi mali yake.

Sasa tufanye mfano. Zaid wa Unguja amemuuzia Amru wa Muscat karafuu kwa rial 5,000, na rial hizo hazijalipwa. Zaid naye awiwa na Bakari wa Mombasa rial 5,000, na awiwa na Khalid wa Dar es Salaam rial 5,000. Akamwendea Bakari akamwambia, Deni langu lililo kwa Amru nimekuhawilishia wewe. Bakari akaridhia, wala hakumpelekea Amru khabari. Mwezi wa pili wake Zaid akamwendea Khalid kwa maneno yale yale. Khalid naye akaridhia, na siku ile ile akampelekea Amru barua ya kumwarifu. Kisha Zaid akafilisika, na wawia wengine wakatokea. Rial 5,000 zingali mkononi mwa Amru, na wenye kuzitaka ni makundi matatu. Bakari asema, Mimi ndiye niliyetangulia. Khalid asema, Mimi ndiye niliyearifu. Na wawia waliosalia wasema, Hawala zenu zote mbili hazikutimia, basi zirudi katika mali ya mufilisi tugawane sote.

Lau ugomvi ungekuwa juu ya karafuu zenyewe, jambo lingekuwa jepesi. Karafuu ziko ghalani, na ghala liko katika nchi, na hakimu wa nchi ile mkono wake wazifika. Lakini deni si kitu cha kushikwa. Deni ni haki iliyo katika dhima ya mtu, na dhima haina bandari wala forodha. Kwa hiyo wenye elimu ya sheria za mataifa wamegawanyika katika kuliwekea deni mahali. Wako wasemao, Mahali pake ni pale alipo mdeni, kwani yeye ndiye atakayelipa. Wako wasemao, Tufuate sheria iliyotajwa katika waraka wa deni, au katika waraka wa kuhawilisha. Na wako wasemao, Mahali pake ni pale alipo mwia mwenye kuhawilisha, kwani haki ilikuwa yake, na kwake ndiko ilikotoka.

Na asidhani mtu kuwa haya ni mambo ya kubuni. Mwaka 2011 mtumishi mmoja, raia wa Ujerumani aliyekuwa akilipwa mshahara wake Luxembourg, alikopa kwa benki ya Kijerumani iitwayo TeamBank, na kwa kuthibitisha mkopo akaihawilishia benki hiyo sehemu ya mshahara wake ambayo sheria yaruhusu kushikwa. Mwaka ule ule akakopa kwa benki ya Luxembourg, iitwayo BGL BNP Paribas, nayo akaihawilishia mshahara ule ule. Benki ya pili ikampelekea mwajiri khabari mwaka 2012. Mwaka 2014 ufilisi wake ukafunguliwa katika mahakama ya Ujerumani, na msimamizi wa mali ya mufilisi akapokea kwa mwajiri yapata yuro 13,900. Asijue ampe nani, akaziweka amana mahakamani.

Tazama sasa jinsi sheria zinavyopingana. Kwa sheria ya Ujerumani, iliyoanza kutumika mwaka 1900, hawala hutimia kwa kuafikiana mwenye kutoa na mwenye kupokea, hata kama mdeni hana khabari. Basi benki ya kwanza ndiyo yenye haki. Kwa sheria ya Luxembourg, hawala haina nguvu juu ya watu wengine mpaka mdeni aarifiwe au aikubali. Basi benki ya pili ndiyo yenye haki. Mali ni moja, mdeni ni mmoja, maneno ni yale yale, lakini ukivuka mto haki imegeuka mwenyewe.

Shauri likapelekwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Umoja huo una sheria ya mwaka 2008 iitwayo Roma ya Kwanza, na kifungu chake cha 14 chaeleza sheria ipi itafuatwa baina ya mwenye kuhawilisha na mwenye kuhawilishiwa, na ipi itafuatwa baina ya mwenye kuhawilishiwa na mdeni. Lakini baina ya watu wawili waliohawilishiwa deni moja, kifungu hicho hakikusema. Tarehe 9 Oktoba 2019 mahakama ikahukumu ya kuwa kifungu hicho hakioneshi sheria ya kufuatwa katika jambo hili, si kwa nassi wala kwa kiyasi. Basi mahakimu wa kila nchi warejee katika kanuni zao wenyewe. Na kabla ya hapo, mwaka 2018, Halmashauri ya Umoja huo ilikuwa imekwisha toa shauri ya kuwa kwa jumla ifuatwe sheria ya nchi ya makao ya mwenye kuhawilisha. Na Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001, juu ya kuhawilisha madeni ya biashara baina ya nchi, yalikwenda njia hiyo hiyo.

Waingereza nao wana mizani yao. Palikuwa na mtu kwao aliyeachiwa na babaye pato la kila mwaka, yapata pauni 93, akalihawilisha kwa watu mbalimbali kwa zamu. Wa mwisho, jina lake Hall, aliwauliza wasimamizi wa mirathi kabla ya kutoa fedha zake, hakusikia khabari ya wale wa kwanza, akanunua, kisha akawaarifu. Mwaka 1828 hukumu ikathibiti ya kuwa Hall atangulizwe, kwa sababu yeye aliuliza na kuarifu, na wenziwe walinyamaza. Mwendo wa sheria za Kiingereza uliingia Kenya kwa kipimo cha tarehe 12 Agosti 1897. Na mwaka 2017 Kenya ikatunga sheria ya dhamana juu ya mali yenye kuhamishika, na madeni yamo ndani yake. Kwa sheria hiyo mwenye kutangulia ni yule aliyetangulia kuandikisha katika daftari la serikali. Basi hizi ni mizani tatu: kutangulia kwa wakati, kutangulia kwa kuarifu, na kutangulia kwa kuandikisha. Kila moja ina hoja yake, na hapana hata moja iliyo dhulma tupu.

Ama sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafii, Mungu amridhie, tusione kuwa masala haya ni mageni kwetu. Mlango wa hawala umo katika kila kitabu cha fikihi, mikubwa na midogo, na asili yake ni mafundisho ya Mtume, rehma na amani zimshukie, ya kuwa tajiri kuchelewesha malipo ni dhulma, na ya kuwa aliyehawilishwa kwa mtu mwenye uwezo na akubali. Kwa madhehebu yetu radhi ya mwenye kuhawilisha na radhi ya mwenye kuhawilishiwa ni sharti. Ama radhi ya mdeni, kauli sahihi zaidi ni kuwa si sharti. Madeni mawili yapasa yawe sawa kwa jinsi na kwa kiasi. Na hawala ikitimia, haki imehama papo hapo: Zaid ameondokewa na deni la Bakari, na Amru ameondokewa na deni la Zaid, na sasa Amru awiwa na Bakari. Hata Amru akifilisika baadaye au akikana, Bakari hana njia ya kurejea kwa Zaid.

Wenzetu Mahanafi wamesema sivyo. Wao wametaka na radhi ya mdeni, na wamesema ya kuwa mali ikipotea kwa mdeni, kama akafa hali amefilisika, au akakana na hapana ushahidi, mwenye kuhawilishiwa hurejea kwa mhawilishaji wake. Wamaliki wamesema harejei, illa ikiwa mhawilishaji alijua ya kuwa mdeni amefilisika akamficha mwenziwe. Na kitabu cha sheria za Dola ya Uthmani, Majalla, kilichoandikwa baina ya mwaka 1869 na 1876, kimetenga kitabu kizima, cha nne, kwa ajili ya hawala. Basi mfanyabiashara aliyesafiri kutoka mji wa Mashafii kwenda mji wa Mahanafi alikuwa akivuka mpaka wa hukumu karne nyingi kabla ya benki hizo mbili kugombana.

Kadhalika katika ufilisi. Kwetu kadhi humfungia mufilisi mali yake wawia wakitaka, kama ilivyopokewa ya kuwa Mtume alimfungia Muadh bin Jabal mali yake akaiuza kwa ajili ya madeni. Na Abu Hanifa hakuona kufungia huko, bali wanafunzi wake wawili ndio walioafikiana nasi. Kwetu muuzaji akikuta mali yake yale yale kwa mufilisi, hajalipwa thamani, ana haki ya kuitwaa. Na Mahanafi wakamfanya sawa na wawia wengine. Kwa hiyo kutofautiana kwa sheria si aibu, na si dalili ya kuwa haki haipo. Aibu ni mtu kuifanya tofauti hiyo mlango wa kupitishia mali ya mwenziwe.

Na kabla hatujaendelea, tuseme neno moja ili asije mtu akatusingizia. Mikopo ya riba hatuihalalishi kwa kuitaja, wala kuuza deni la elfu kwa mia tisa taslimu. Hukumu ya mambo hayo ni maarufu. Na kuuza deni kwa mtu asiyekuwa mdeni wenyewe, Imamu Nawawi ameona katika Minhaj kuwa ni batili, na katika Rawdha akaona kuwa ni sahihi. Maneno yetu ni juu ya hawala iliyo halali, deni kwa deni lililo sawa nalo.

Sasa turejee kwenye swali la kwanza. Ninavyoona, tusiliulize kama swali moja, kwani ndani yake mna watu wa namna tatu, na kila namna ina haki yake.

Mdeni, naye ni Amru, hakuwapo Zaid alipokuwa akihawilisha. Aliingia deni kwa masharti anayoyajua, basi ahukumiwe kwa sheria ya deni lake lenyewe, wala asizidishiwe mzigo kwa maagano asiyoyahudhuria. Zaid na Bakari walikaa wakaafikiana. Basi baina yao wawili itimizwe sheria waliyoridhia, kwani Mwenyezi Mungu ametuamrisha kutimiza mikataba. Lakini wako watu wa tatu, nao ni Khalid na wawia wote waliosalia. Hawa hawakuwa wadeni, wala hawakukaa katika maagano. Watu husema, Asiyekuwapo na lake halipo. Maneno haya yafaa katika karamu, ama katika haki hayafai. Sheria ya Kiislamu inamlinda asiyekuwapo: wamesema wanavyuoni wetu ya kuwa mali ya mufilisi ikigawanywa, kisha akatokea mwia asiyejulikana, hashindwi kwa kuwa alichelewa, bali huwashirikisha wenziwe kwa kadiri ya fungu lake.

Kwa ajili ya hawa wa tatu, yaliyo karibu na uadilifu ni kufuata sheria ya mahali alipo mwenye kuhawilisha. Na sababu zake ni tatu. Kwanza, mahali hapo hujulikana kabla ya maagano, hata na mtu asiyeuona waraka. Ama sheria iliyoandikwa katika waraka wa watu wawili, mtu wa tatu ataijuaje? Pili, mfanyabiashara mmoja huwia watu hamsini katika nchi kumi. Ukifuata mahali pa kila mdeni, mwia wake atalazimika kujua sheria kumi ili ajue kama mali ya mtu huyo imekwisha tolewa. Tatu, mtu akifilisika, kwa kawaida hufilisiwa pale penye makao yake na shughuli zake; basi sheria ya kumtanguliza mtu na sheria ya kugawanya mali zitakutana mbele ya hakimu mmoja, wala hazitavutana.

Ukisema: Mhawilishaji aweza kuhama, leo Unguja na kesho kwingine, ili atafute sheria iliyo laini. Twajibu: Kweli aweza, ndiyo maana yapasa kutazamwa makao yake siku aliyohawilisha, si makao aliyoyakimbilia baadaye. Na ukisema: Mdeni ndiye mtu wa kuulizwa, na kwake ndiko mnunuzi mwangalifu atakakokwenda, basi sheria ya kwake ina haki zaidi. Twajibu: Hoja hii ni nzuri pale deni lilipo moja na mdeni ajulikana, kama mshahara wa mtumishi. Lakini katika madeni mengi ya biashara, na hasa madeni ambayo hayajazaliwa bado, huyo wa kuulizwa hajulikani.

Wala sikufichi ya kuwa njia hii ina gharama. Yaweza kuwa sheria ya makao ya mhawilishaji yamtanguliza yule aliyetangulia na kunyamaza, na kumwacha nyuma yule aliyeuliza na kuarifu. Hata madhehebu yetu yaelekea huko: hawala ya Bakari imetimia, na Zaid alipomwendea Khalid hakuwa tena na kitu cha kuhawilisha, basi hawala ya pili ni batili, na deni la Khalid lingali katika dhima ya Zaid, naye atashiriki pamoja na wawia wengine. Hiyo ndiyo hukumu. Lakini Bakari naye na aulizwe, kwa nini ulinyamaza? Mtume amekataza kudhuru na kudhuriana. Kimya cha Bakari kilimwachia Zaid upanga mkononi, na Khalid akaja akajichoma. Ndiyo maana Kurani, katika aya ndefu kuliko aya zake zote, imeamrisha deni kuandikwa na kushuhudiwa. Na ndiyo maana wanavyuoni wetu wamependekeza kadhi ashuhudishe watu pindi amfungiapo mufilisi mali yake, ili wengine wajihadhari kuamiliana naye. Daftari la kuandikishia, ambalo serikali za leo zimeliweka, katika jambo hili si bidaa ovu. Laelekea kwenye maana ile ile.

Sasa swali la pili, nalo ndilo lililonitia kuishika kalamu. Yafaa mtu kuchagua sheria kwa faida yake?

Jua, ndugu yangu, ya kuwa kuchagua ni kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuchagua kabla, kwa uwazi, na kwa radhi ya kila ambaye haki yake itaguswa. Watu wawili wa nchi mbili wakaandika ya kuwa ugomvi wao utaamuliwa kwa sheria ya mji fulani, maadamu hapana ndani yake kuhalalisha haramu. Hili ni sharti kama masharti mengine, wala halina makosa. Namna ya pili ni kuchagua baada ya haki za watu kukwisha fungamana, au kuchagua kwa siri ili mwia asijue. Mtu aona mambo yanaharibika, ahamisha makao yake, au aandika waraka mpya wenye sheria ya nchi ya mbali, ili mali impendezaye aipate na wawia wa nyumbani wapate karatasi. Hii si kuchagua. Hii ni hila. Na mfano wake kwetu ni yule mwenye kufuatilia rukhsa za madhehebu, leo Shafii katika hili, kesho Hanafi katika lile, hapana kilichompeleka huku wala kule illa matamanio. Wanavyuoni wengi wamemkemea mtu huyo, ingawa kila rukhsa aliyoichukua, peke yake, ina imamu wake.

Na atakayetaka kipimo cha kutenganisha namna hizi mbili, ajiulize neno moja: Lau wawia wangu wote wangekuwa wameketi barazani hivi sasa, ningeweza kuwaambia kwa sauti sababu ya kuichagua sheria hii? Akiona ulimi wazito, basi ajue.

Huenda mtu akasema: Mimi nimefuata sheria ya nchi, na hakimu amenihukumia, sina lawama. Neno hili ndilo linalowaangamiza watu wengi wema wenye kusali safu ya mbele. Nasi twaishi katika nchi ambazo kadhi hahukumu madeni ya biashara. Katika Kenya, kifungu cha 170 cha Katiba ya mwaka 2010 kimewekea mahakama ya kadhi mpaka wa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Ugomvi wa Zaid na wawia wake utakwenda kwa hakimu wa serikali, na yapasa kumtii, kwani bila ya hukumu watu hulana. Lakini Mtume mwenyewe, aliyekuwa akipata wahyi, amewaonya waliokuja kugombana mbele yake ya kuwa yeye ahukumu kwa yale anayoyasikia, na ya kuwa atakayehukumiwa kitu cha nduguye kwa ufasaha wa maneno yake, basi amekatiwa kipande cha moto. Kwa sababu hiyo Mashafii wakasema hukumu ya hakimu yapita kwa dhahiri tu, haigeuzi batini. Na Imamu wetu hakukubali ya kuwa mahali pageuza haramu kuwa halali. Lililo haramu kwa Mwislamu bara ni haramu kwake ng'ambo.

Basi Khalid, ikiwa alijua ya kuwa Bakari ametangulia, akapiga mbio kumwarifu Amru ili aitumie sheria yenye kumtanguliza mwenye kuarifu, akahukumiwa, amekula mali ya Bakari hata kama karatasi yake ina mihuri saba. Na ikiwa hakujua, hana dhambi ya kitendo, lakini akijua baadaye asistarehe. Wakae yeye na Bakari wasuluhishane, kwani mmoja ana haki ya kutangulia na mwingine ana udhuru wa kuuliza, na sulhu ni kheri. Ama Zaid, yeye ndiye mwizi wa wawili. Aliuza imani ya watu mara mbili, na wala ufilisi haumsafishi.

Na hapa pana jambo ambalo wafanyabiashara wetu wamelighafilika. Sheria nyingi za leo humwondolea mufilisi mabaki ya madeni yake baada ya muda, ili aanze upya. Ndani ya jambo hili mna huruma, na Kurani imeamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na imesema kusamehe ni bora zaidi. Lakini kungojea si kufuta, na kusamehe ni kwake mwia, si kwa serikali. Kwa Mwislamu, mali ikiisha kugawanywa na deni likabaki, limebaki katika dhima yake. Hasumbuliwi maadamu hana, lakini siku atakapopata atalipa. Asifungue duka jipya kwa jina la mkewe hali mjane wa Mombasa, aliyerithi deni la mumewe, hajapata senti.

Na katika kugawanya mali ya mufilisi, asitangulizwe wa karibu juu ya wa mbali kwa ukaribu tu. Kanuni za mfano za Umoja wa Mataifa za mwaka 1997 juu ya ufilisi unaovuka mipaka, ambazo Kenya ilizipokea katika sheria yake ya mwaka 2015, zimeamuru wawia wa nchi za nje wapate kuingia mahakamani sawa na wa nchini. Tulipolisoma hili tulifurahi, kwani ni maana tuliyoisoma chuoni tungali wadogo: haki ya mwia yatokana na deni lake, haitokani na ujirani wake na hakimu.

Kwa kukhitimisha, haya ndiyo yampasayo mwenye kutaka kusalimika. Usihawilishe usichokuwa nacho, wala ulichokwisha kukitoa. Ukihawilishiwa, mwarifu mdeni upesi, na andikisha palipo na daftari, ili kimya chako kisiwe mtego kwa mwenzio. Kabla ya kupokea hawala, muulize mdeni na mtafute mwenye kujua sheria ya makao ya anayekuhawilishia. Chagueni sheria yenu mchana, kabla ya ugomvi, na mbele ya wenye haki. Mambo yakikuharibikia, waite wawia wote, wa karibu na wa ng'ambo, uwafunulie daftari kabla hujalipa hata mmoja kwa mapenzi. Na ukihukumiwa kitu ambacho moyo wako wajua si chako, kirudishe.

Watu wa bahari husema, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mtu aweza kulikimbiza deni lake kutoka bandari hadi bandari, akapata kila mahali sheria ya kumkinga. Lakini dhima aliibeba mwenyewe safari nzima, na siku ya kushusha mizigo ataulizwa habari yake katika nchi yenye sheria moja na Hakimu mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali yake, atulipie madeni yetu kabla ya kutufisha, na atujaalie tuwe wenye kutimiza ahadi. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wabillahi tawfik.